Mpishi Asiyekula Kilichopita Motoni

Mwezi wangu wa kwanza wa ndoa pale Kasongo nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa karanga, nikaipakua kwenye sahani ya maua niliyopewa na mama, nikaifunika vizuri, nikaipeleka kwa jirani. Ndivyo nilivyofundishwa nyumbani: ukihamia mahali, chakula chako kitangulie kukujulisha. Jirani alikuja mlangoni mwenyewe, mwanamume wa makamo, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Akaipokea sahani kwa mikono miwili. Akainua kifuniko kidogo, akanusa, akafunika.

"Asante, mwanangu," akasema. "Hii iko sombe ya muke mwenye kupenda bwana yake."

Kisha akawaita watoto waliokuwa wakipita njiani, akawapa sahani yote. Wakaimaliza pale pale mbele ya macho yangu, naye akanirudishia sahani ikiwa imelambwa na asante ya pili.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mume wangu, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Yule iko Mupishi," akasema. "Haiko wewe tu. Hakuna mutu wa Kasongo mwenye alikwisha kumulisha kitu ya moto."

Sikumsamehe upesi, nakiri. Karibu mwaka mzima nilimsalimia kwa mdomo tu. Lakini mtu yule hakuwa wa kununiwa muda mrefu, na sasa ninapoketi kuwaza watu walionifurahisha maishani, yeye ndiye anayefika wa kwanza, na kola yake imesimama vile vile.

Alizaliwa wapi, na baba yake alikuwa nani, sijui. Nilimkuta akiwa Mpishi, na mji mzima ulimwita hivyo, wazee kwa watoto. Alimpikia Mbelgiji mmoja wa mambo ya pamba, ambaye sisi tulimwita Bwana Pamba, katika nyumba yenye baraza jekundu kule mlimani. Supu, kuku wa kuoka, mkate wa asubuhi, viazi vya kila namna, vitamu vya mayai na sukari iliyounguzwa kidogo juu. Vyote vilitoka mikononi mwake, na wazungu waliopita Kasongo walifanya kila njia ili usiku wa safari yao uwakute kwa Bwana Pamba. Naye mwenyewe, tangu zamani kuliko alivyoweza kukumbuka mtu yeyote niliyemuuliza, hakuwa ameweka kinywani kitu kilichopita motoni.

Alikula karanga mbichi zilizolowekwa. Alikula ndizi, papai, mananasi, avoka, matango, miwa, na asali watu walipoleta. Mihogo ile mitamu aliimenya kwa kisu kidogo, taratibu, akikata vipande sawasawa, akavipanga kwenye sahani kana kwamba vinakwenda mezani kwa Bwana. Mchele wetu wa Kasongo, ambao watu wengine huufuata kwa safari ya siku mbili, yeye aliuloweka tangu alfajiri na kuutafuna mchana punje kwa punje. Ukimsalimia akiwa anatafuna, ungesubiri jibu mpaka ukasahau umesema nini. Hakula chumvi kwa sababu chumvi ya wenyeji hupatikana kwa kuchoma majani, na ile ya dukani aliishuku tu.

Sasa mtu atauliza: mpishi asiyeonja anapikaje? Sisi pia tuliuliza. Yeye alisema sufuria huongea, na mwenye masikio hana haja ya ulimi. Kweli alikuwa akiinamisha kichwa juu ya jungu akisikiliza, uso umetulia, halafu ghafla anasema "sasa" na kulitoa motoni. Mengine yote aliyajua kwa pua. Alisema hata chumvi ina harufu. Hapo ndipo mume wangu na katekista wa mtaa wetu, wanaume wawili wazima, walipoamua kumkomesha. Walichukua mabakuli matatu ya maji, moja wakatia chumvi nyingi, la pili kidogo, la tatu wakaliacha hivyo hivyo. Wakayafunika kwa vitambaa, wakamwita.

Mpishi akainama juu ya la kwanza. "Hii mumemwaga mufuko," akasema. Akaenda la pili. "Hii ni ya mugonjwa." La tatu alilinusa, akainuka, akawatazama kwa huruma. "Hii hamukutia kitu. Mutu na akili yake anapoteza wakati wa rafiki yake hivi?"

Walirudia siku tatu. Hakukosa hata mara moja. Mjini kwetu pua ya Mpishi ikawa jambo la kujivunia, na wageni walisimuliwa habari zake.

Pua ile ilikuwa taabu kwetu wanawake. Alikuwa akishuka kutoka kazini mchana, anapita nyuma ya majiko yetu, na bila kusimama anasema juu ya ua: "Mama, punguza moto!" Au: "Dada, ile vitunguu imekwisha, toa!" Mara nyingi alikuwa na haki, jambo lililotuudhi zaidi. Na tena alipenda sana kuona watu wakila. Ukimkaribisha kwenye sherehe alikuja na mfuko wake wa karanga, akaketi mahali pa kuona vizuri, akawatazama watu wakila wali na kuku kwa furaha kubwa kuliko yao. Alivuta kiko pia, tumbaku kali ya kienyeji. Tulimwambia moshi wa kiko umetoka motoni. Akajibu kwamba moshi haumezi.

Kwa nini aliishi hivyo? Kila aliyeuliza alipewa jibu lake. Katekista aliambiwa kwamba Adamu na Hawa hawakuwa na sufuria. Mwalimu wa msikitini aliambiwa kwamba tende hazipikwi na hakuna anayezilalamikia. Wanawake tuliambiwa anaogopa kunenepa, yeye aliyekuwa mwembamba hivyo. Siku moja mvua ilipomnasa barazani kwetu, alimwambia mume wangu jambo jingine: "Mutu mwenye kupika, hakuna mwenye kumupikia." Kisha akauliza kama mwavuli wetu unavuja. Mume wangu alinisimulia, tukacheka kidogo, tukasahau.

Habari ya maziwa ililetwa na shangazi yangu.

Shangazi ni dada mdogo wa baba, mtu wa Kabambare kama mimi, na wakati ule alikuwa mjane. Marehemu mume wake alichunga ng'ombe wa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba kule nyasini, upande wa nchi ya Wamaza. Mzungu aliporudi kwao alimwachia majike mawili, na mume alipofariki majike yakabaki kwa shangazi. Akajifunza kukama. Ukoo wetu ulimwonea haya kidogo, kwa maana kwetu hakuna mila ya ng'ombe. Maziwa ni ya mtoto mchanga, na mtu mzima akionekana anakunywa maziwa ataulizwa kama mama yake alisahau kumwachisha. Shangazi hakujali. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega, na alicheka kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya kijito.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja Kasongo kuniuguza. Alipanda lori la pamba, akashika kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani siku mbili nzima, asikubali hata mara moja kukiweka chini. Nilikiweka barazani, mezani. Mchana Mpishi akapita, akaenda hatua tano, akasimama, akarudi.

"Nini iko mule?"

"Maziwa ya shangazi," nikasema.

"Ya mukebe?"

Maziwa aliyoyazoea yalikuwa ya mikebe kutoka Ulaya, na hayo aliyaita maiti. Shangazi akajibu mwenyewe kutoka kwenye mkeka: "Ya ng'ombe yangu. Tangu chuchu mpaka kibuyu haikuona moto."

Mpishi akainama juu ya kibuyu. Alinusa kwa muda. Watu wakaanza kukusanyika, katekista, mume wangu, majirani wawili watatu, maana ilikuwa wazi kwamba jambo jipya limetokea: chakula ambacho Mpishi hakijui kama ni chake au si chake. Hatimaye akainuka na kutoa hukumu kwa sauti ya ofisi.

"Hii imepikwa. Nyasi inaingia mubichi, maziwa inatoka moto. Pale katikati nani amepika? Ng'ombe iko jiko yenye miguu."

Tulicheka sana. Katekista alipiga makofi. Shangazi hakucheka. Alisubiri tumalize, akauliza kwa upole: "Papai yako ya saa sita, yenye jua imepiga, inakuwa moto ao baridi?"

"Moto."

"Unaikula?"

"Ninaikula."

"Nani ameipika?"

Mpishi akakitazama kibuyu. Shangazi akainuka, akamfuata, na mbele ya watu wote akamshika mkono.

"Na hii mukono yako iko na joto," akasema. "Wewe nani amekupika?"

Sijawahi kuona baraza likilia kwa kicheko kama siku ile. Mtoto wangu aliamka. Mpishi peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake ndani ya mkono wa shangazi, kama anautazama kwa mara ya kwanza, na hakuutoa.

Shangazi alikaa kwangu wiki tatu, na wiki tatu hizo mtaa haukuwa na mazungumzo mengine. Kila alasiri Mpishi alikuja na hoja mpya. Siagi je? Kibuyu kikisukwasukwa kinapata joto, basi mwenye kusuka amepika kwa mikono. Shangazi akajibu kwamba hata karanga hupata joto mdomoni zikitafunwa kwa urefu ule wake. Na formaji, ile jibini ya wazungu inayonuka kabatini kwa Bwana Pamba? Mpishi alisema ile imeozeshwa kwa makusudi, na kuoza ni moto wa polepole. Shangazi akauliza kama asali huoza. Watu wakagawanyika. Kulikuwa na upande wa mbichi na upande wa kupikwa. Mwalimu wa msikitini alikuwa wa mbichi, katekista wa kupikwa, na mume wangu alihama upande kulingana na nani aliye karibu. Mpishi hakuonja hata tone. Alikuwa amekwisha hukumu mbele ya watu, na alikuwa mwanamume wa kujipenda. Lakini mashati yalizidi kupigwa pasi, na siku ya mwisho alikuja na ua la mpapai mfukoni, akasahau kulitoa, au hakuthubutu.

Baada ya shangazi kurudi Kabambare, Mpishi hakuonekana kwetu siku nne. Ya tano alikuja, akaketi kwenye ngazi zangu.

"Mwanangu," akasema, "ile shangazi yako. Mutu akitaka kumuomba, anapita wapi?"

Nilimpenda saa ile. Kinyongo changu cha sahani kiliisha, au karibu kiishe. Nilituma maneno kwa lori la pamba, na kwa lori la pamba jibu likaja: shangazi anasema aje kama watu wanavyokuja.

Hapo ikabidi nimweleze jinsi watu wanavyokuja kwetu. Mwanamume anayeomba mke hukalishwa mbele ya wakubwa wa ukoo, na mwanamke humletea chakula alichokitengeneza kwa mikono yake. Akikila, amemkubali. Akikiacha, amemkataa hadharani, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kuomba mara ya pili.

"Alete papai," akasema Mpishi.

"Papai ni kazi ya muti. Wakubwa watasema mwanamuke hakufanya kitu."

"Karanga yenye kulowekwa?"

"Maji imefanya."

Nikaona anafika mahali nilipokwisha kufika mimi. Katika nyumba ile ya Kabambare kulikuwa na chakula kimoja tu kilichotoka mikononi mwa shangazi bila kupita motoni, na Mpishi mwenyewe alikwisha kusema mbele ya mtaa mzima kwamba kile kimepikwa.

"Basi kama maziwa imepikwa," akasema polepole, "mimi sina bibi."

"Wewe ndiye ulisema imepikwa."

"Ninajua kile nilisema!"

Ndiyo mara pekee aliyonipandishia sauti. Nilimwonea huruma kweli. Unaweza kucheka desturi ya mtu ya kula kibichi, lakini alikuwa ameishika miaka mingi kuliko ndoa nyingi zinavyoshikwa, na sasa alitakiwa ama aivunje, ama ampoteze mwanamke aliyemshika mkono.

Kesho yake alasiri alikuja barazani watu wakiwa wamejaa, akasimama wima.

"Nataka kusema juu ya ng'ombe," akasema. "Jiko ukiliacha linazimika. Ng'ombe ukiiacha haizimiki. Kwa hiyo ng'ombe haiko jiko. Nilikosea."

Hoja ile haikuwa na miguu, na kila mtu aliliona hilo. Tukatazamana. Katekista, kiongozi wa upande wa kupikwa, akafikiri, akamtazama Mpishi na kola yake, akasema, "Ni kweli. Haizimiki." Mtaa mzima ukakubali kwa sauti moja kwamba maziwa ni mabichi.

Ikabaki baba mkubwa wangu, mkubwa wa ukoo, ambaye kwake swali lilikuwa jingine kabisa: maziwa ni chakula? Hakuwa tayari kumwoza dada yake kwa mtu aliyekunywa kinywaji cha mtoto. Tulibishana naye kwa salamu za lori zaidi ya mwezi. Mwisho akatoa sharti: ikiwa yameganda hata kijiko kinasimama ndani, ni chakula. Shangazi akajibu kwamba kitasimama.

Siku yenyewe ilipofika nilikuwa Kabambare pamoja na mume wangu na mtoto. Mpishi alifika akiwa mwekundu kwa vumbi la njia, akaoga, akatoka katika shati jeupe ambalo sijui alilisafirishaje. Wakubwa waliketi. Shangazi alikuwa chumbani akivishwa. Nami nikaingia jikoni kuchukua bakuli, nikamkuta shangazi mkubwa, dada yao wa kwanza, amechuchumaa mbele ya moto. Juu ya moto kulikuwa na sufuria. Ndani ya sufuria kulikuwa na maziwa.

"Shangazi mukubwa!" nikasema. "Unafanya nini?"

"Ilikuwa baridi," akasema. "Asubuhi yote ilikuwa baridi kwenye kibuyu. Mugeni anatoka Kasongo, tumupe kitu ya baridi kama masalio ya jana?"

Hakuwa na ubaya wowote, mama yule. Maisha yake yote hakuwahi kumpa mgeni chakula cha baridi. Cha baridi ni cha mbwa na cha mtoto aliyechelewa. Mabichi au ya kupikwa, hayo yalikuwa maneno ya watu wa mjini. Maziwa yalikuwa yamekatika mabonge, na chini yameshika moto. Kibuyu kilikuwa kitupu. Tuliyatia bakulini pamoja, yeye akifurahi na mimi nikitazama mlango, tukafunika. Niliomba tu wakubwa wazungumze sana, na kwa hilo sikuangushwa. Baba mkubwa alianza na habari za babu zake, akamaliza jua likiwa kichwani. Maziwa yalipoa kabisa. Lakini harufu ya kuungua haipoi.

Shangazi akaingia, akapiga magoti, akaweka bakuli mbele ya Mpishi. Hakujua lolote. Uso wake uling'aa, na mikono, mikono ile ya kukama, ilitulia mapajani. Mpishi akainua kifuniko.

Niliona pua yake. Ilifunguka, ikasimama. Mkono wenye kifuniko ukabaki hewani, nami nikawaza kwamba mambo yameisha: mwanamume huyu anaweza kunusa chumvi kwenye maji.

"Mukwe," akasema baba mkubwa, "tunakutazama."

Mpishi akamtazama shangazi. Akachukua kijiko, akakisimamisha katikati ya bonge. Kikasimama. Akala. Alikula bila haraka, akitafuna maziwa kama anavyotafuna mchele, mpaka kijiko kikakwaruza chini. Akakilamba. Akamnyooshea shangazi bakuli.

"Ninaomba ingine," akasema.

Hakukuwa na jingine, lakini vigelegele vilikuwa vimeanza, na hakuna aliyesikia. Shangazi mkubwa ndiye aliyecheza kuliko wote.

Baadaye nilimvuta kando, nikamuuliza kama hakusikia harufu yoyote. Akagusa pua yake. "Vumbi ya njia, mwanangu. Imenifunga kabisa." Nikashukuru Mungu kwa vumbi la barabara ya Kabambare, ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulishukuru. Nilirudi Kasongo na siri yangu: siku moja tu pua ya Mpishi ilikosa, na ilichagua siku nzuri.

Aliacha kazi kwa Bwana Pamba, ambaye tulisikia alikonda, akahamia nyasini upande wa Wamaza kwa mke wake na majike yake, ambayo sasa yalikuwa manne. Habari zilizotufikia zilikuwa moja: anakula vibichi vyake vile vile, pamoja na maziwa, kibuyu kila asubuhi. Mtaa wetu ulikuwa mtulivu mno bila yeye. Hakuna aliyetuambia tupunguze moto, nasi tukaunguza vitunguu vingi.

Nilikwenda kuwaona miaka mingi baadaye, mtoto wangu wa kwanza akiwa karibu kumaliza shule ya misheni. Wabelgiji walikuwa bado ofisini mwao, ingawa barazani watu walianza kuzungumza kwa namna nyingine. Nilifika asubuhi, kwa miguu kutoka pale lori liliponishusha, nikapitia nyuma ya nyumba, jikoni, kama mtu wa nyumbani.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya moto. Juu ya moto kulikuwa na sufuria ya maziwa, yanapanda, karibu kumwagika. Aliponiona alishtuka, halafu akanivuta ndani kwa kunikumbatia.

"Funga mulango," akanong'ona.

Akatoa sufuria, akaiketisha katika karai la maji ya kijito, akaanza kuizungusha ipoe upesi. Akanieleza hapo hapo. Mganga wa dispanseri ya Kabambare alisema maziwa yasiyochemshwa huleta kikohozi kibaya na homa, na yeye hakuchukua mume wa pili ili amzike. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa anachemsha, anapoza, anatia mgando kidogo wa jana, anafunga kibuyuni. Kila siku.

"Na yeye?"

"Yeye anakunywa mubichi yake," akasema, na macho yalijaa ujanja. "Hajui."

"Shangazi, yule mutu ananusa chumvi!"

"Zamani. Uzee umemaliza pua." Akanishika bega. "Usimwambie. Akijua, ataacha kunywa."

Nikaapa. Kisha nikazunguka mbele ya nyumba, na Mpishi alikuwa pale kwenye kiti chake, kichwa cheupe, anamenya tango kwa kisu kile kile kidogo. Kola imesimama. Aliposimama kunisalimia nilisikia machozi, sijui kwa nini, maana nilikuwa na furaha tupu. Tulikaa. Akauliza habari za katekista, za mwalimu wa msikitini, za vitunguu vyetu. Shangazi akaleta kibuyu kilichotengenezwa jana na kikombe kimoja, akamimina, akarudi jikoni akiimba. Mpishi akanywa, akafumba macho, akapangusa sharubu.

Sikuweza kujizuia. "Baba," nikasema, "leo niambie, bila baraza. Maziwa iko mubichi ao imepikwa?"

Akageuka, akatazama mlango wa jiko. Akainama karibu nami.

"Hii ya jana aliitoa saa yake," akasema chini chini. "Ya leo alikawia. Umemusemesha, ikapanda."

"Unajua?"

"Mwanangu, mimi niko mupishi."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu siku ya wakubwa. Ile ilikuwa imeungua, masikini." Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Ilikuwa imeungua sana."

"Na ukakula yote! Ukaomba ingine!"

"Nikaomba ingine."

"Na sombe yangu mimi? Sahani muzima, ukawapa watoto mbele ya macho yangu!"

"Ile sombe yako," akasema Mpishi kwa uzito, "ilizidi chumvi."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Miaka yote ile, na alikuwa na haki tena. Wimbo jikoni ukakatika.

"Munacheka nini huko?" shangazi akauliza.

"Maneno ya zamani!" akajibu Mpishi. Halafu akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, na sauti yake ikawa ndogo, haina mchezo ndani yake.

"Usimwambie," akasema. "Akijua kama ninajua, ataacha kunipikia."

Na akanyoosha kikombe kuelekea jikoni, akaomba kingine.